Maneno yakipotea baada ya kiharusi: namna ya kumuuguza mtu wako nyumbani

Mzee aliyepata kiharusi anaweza kuitikia "Waalaykumu salaam" bila kukosea hata herufi, kisha akashindwa kuomba maji. Hadeki, na akili yake haijaondoka. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba ugomvi huanzia hapo hapo: mmoja anasema anajifanya, mwengine anasema kaingiliwa, na muda unazidi kupita. Maradhi haya yanaitwa afasia, na humpata kama mtu mmoja katika kila watatu wanaopata kiharusi. Anayemuuguza akijua ndani ya kichwa kimeharibika nini, namna yake ya kumsemesha mgonjwa hubadilika siku hiyo hiyo.

Kwa watu wengi lugha inaendeshwa na upande wa kushoto wa ubongo. Katika kila watu 100 wanaotumia mkono wa kulia, kama 95 wako hivyo, na hata wanaotumia mkono wa kushoto wengi wao ni vivyo hivyo, kama 70 kati ya 100. Upande huo wa kushoto ndio pia unaouendesha mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo maneno yakipotea, mara nyingi na mkono wa kulia hulegea.

Mwaka 1861 daktari wa Paris, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitoa silabi moja tu, "tan", ingawa alikuwa akielewa mengi ya anayoambiwa. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa walio kinyume chake: wanasema kwa wepesi, maneno yanamiminika, lakini hayashikiki, na wao wenyewe hawaelewi wanachoambiwa. Madhara yao yalikuwa nyuma zaidi, usawa wa sikio la kushoto. Baina ya sehemu hizo mbili umepita mkanda wa nyuzi za neva. Ukikatika huo, mtu anaelewa na anasema, ila kurudia neno la mwenziwe kunamshinda. Leo inajulikana kuwa lugha inatumia sehemu nyingi zaidi ya hizo, lakini ramani hii bado inasaidia sana mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Tazama mtu anavyolitaja jina la kikombe alichokiona. Ubongo unakitambua, unaichukua maana yake, unachagua neno, unazipanga sauti zake, kisha unauamuru ulimi, midomo na koo. Kwa mtu mzima wa afya yote hayo huchukua kama sehemu sita za kumi za sekunde moja, na kila hatua inaweza kuharibika peke yake. Akisema "sahani" badala ya kikombe, maana ameipata lakini amechukua neno la jirani. Akisema "kipombe", neno amelichagua sawa, sauti ndizo zilizoparaganyika. Akisema "kikombe" kwa ulimi mzito kama aliyejaza chakula mdomoni, hiyo kwa kawaida si afasia hata kidogo: misuli imelegea, lugha ipo, na mtu huyo mpe kalamu ataandika. Mwenye afasia halisi ukimpa kalamu mara nyingi hutamsaidia, kwa sababu kuandika na kusoma vinategemea lugha ile ile iliyoumia. Usimlazimishe ukadhani umempatia njia.

Na yale maamkizi? Salamu, Fatiha, kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, hata matusi kwa mtu mwenye heshima zake ambaye hajapata kutukana, ni maneno yaliyosemwa mara nyingi mno hata yanatoka kama kipande kizima, na ubongo hauna haja ya kuyajenga upya. Sehemu nyengine za ubongo, pamoja na upande wa kulia, zinaweza kuyatoa. "Nataka maji" ni jumla, yaani sentensi, ya kujengwa, na mjenzi ndiye aliyeumia. Kwa hiyo aliyehifadhi sura nyingi tokea chuoni anaweza kusoma vizuri na bado asiweze kutaja jina la mwanawe. Akishindwa jina lako, usimuulize mbele za watu, "Mimi nani? Hunijui mimi?" Anakujua.

Anayetutia wasiwasi zaidi ni mgonjwa wa aina ya Wernicke. Mara nyingi huyu hapoozi mkono wala mguu. Anaamka, anatembea, anaongea kwa kasi na kwa lahani ile ile ya kawaida, lakini yanayomtoka ni mchanganyiko wa maneno na visivyo maneno, na hajui kuwa haeleweki. Ukimwambia hueleweki, anakasirika. Ndiye anayeonekana ameingiwa na pepo, ndiye anayepitishwa kwa waganga wiki nzima. Mtu mzima aliyekuwa mzima jana na leo maneno yake hayafahamiki, mchukulie kuwa ana kiharusi mpaka hospitali iseme vyengine. Dua zisomwe, hazina pingamizi na hospitali, lakini zisomwe njiani. Wala asinyweshwe kombe, maji, uji au dawa yoyote kabla ya kupimwa kumeza, kwa kuwa koo lililolegea hupitisha maji hadi mapafuni.

Haraka ina sababu yake. Mshipa mkubwa unaolisha sehemu za lugha ukiziba, neva zinazokufa hukadiriwa kuwa karibu milioni 2 kwa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na saa hizo huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akaamka alfajiri hasemi, saa zake zinaanza saa nne usiku. Iandike saa hiyo kwenye karatasi uende nayo. Usimpe aspirini nyumbani: kiharusi cha kuziba na kiharusi cha kupasuka mshipa vinafanana kwa macho, na picha ya CT, picha ya mashine inayoonesha ndani ya kichwa, ndiyo inayovitenganisha. Ukiwa Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee kule Mkoani au hospitali yoyote, swali la kwanza liwe picha itapigwa lini na wapi.

Sasa yuko nyumbani. Kabla ya mazoezi yoyote, jua kilichobaki. Mwanzoni hupati zaidi ya robo saa, kwani mgonjwa huchoka upesi, kwa hiyo chagua asubuhi, zima redio na televisheni, na watoto watoke nje. Kaa mbele yake ukiegemea upande wake wa kushoto, maana baadhi yao huwa hawaoni vizuri upande wa kulia. Weka kwenye sinia kijiko, ufunguo, kofia na kikombe. Sema "Nioneshe ufunguo", na macho yako yawe usoni mwake, yasiwe kwenye ufunguo. Hapa familia nyingi hujidanganya: mgonjwa hufuata macho na mkono wa anayemuuliza, wao wakadhani ameelewa maneno. Kisha mwambie arudie "paka", "mlango", halafu "kesho asubuhi tutakwenda sokoni". Mwisho muoneshe vitu vile vile umuulize majina. Anayeelewa lakini hatoi maneno atakuwa karibu na aina ya Broca. Anayetoa mengi lakini hakupata hata ufunguo ni wa aina ya Wernicke. Anayeshindwa yote ana afasia nzima, na huyo anza naye kwa picha na ishara tu. Yaandike matokeo kwa tarehe, urudie kila mwezi.

Katika kumuuliza kuna jambo la Kiswahili chetu ambalo linavuruga sana. Ukiuliza "Hutaki chai?", naye akajibu "ndiyo", je, anakubali chai au anakubali kuwa haitaki? Hata wazima hubabaika. Kwa mgonjwa ambaye "ndiyo" na "siyo" zinamponyoka zenyewe, swali la namna hiyo ni mtego. Uliza "Babu, chai?" huku umeshika kikombe, usubiri, kisha "Babu, uji?" huku umeshika bakuli. Lipe kila swali hesabu ya kumi kimya kimya kabla hujaongeza neno. Jibu lithibitishwe kwa kichwa au dole gumba, juu au chini. Jambo moja kwa jumla moja. Usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Usimsemeshe kitoto, yeye bado ni baba yako, na heshima ya "shikamoo" ibaki pale pale.

Namna ya kumsaidia kupata neno ina ngazi, na kosa la kawaida ni kuruka hadi ngazi ya mwisho. Kwanza subiri. Halafu eleza matumizi: "Tunanywea kahawa." Halafu mwachie jumla amalizie: "Nitilie kahawa kwenye..." Halafu mpe mwanzo wa neno. Hapo usimpe silabi moja, kwa sababu "ki" ni mwanzo wa kikombe, kijiko, kiti, kisu na kitanda, haimpeleki popote. Mpe mbili: "kiko..." Ikishindikana, liseme lote naye alirudie mara tatu, na mrudie baada ya dakika chache. Methali zetu zinafaa sana kwa kumfungua ulimi mwanzoni mwa zoezi, kwa vile zina nusu mbili: unasema "Haba na haba hujaza", yeye anaweza kutoa "kibaba" bila ya kujua imetokea wapi. Tumia hiyo kumpa moyo, kisha ingia kwenye maneno anayoyahitaji kwa siku: maji, choo, panauma, sitaki, majina ya watu wa nyumbani.

Kwa anayeelewa lakini maneno hayatoki, ipo njia ya lahani iliyoanzishwa Boston mwaka 1973. Chagua jumla fupi ya kazi, "nataka maji". Ivumishe kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, polepole, huku ukimgonga kiganja cha kushoto mara moja kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji. Kwanza wewe peke yako, kisha pamoja, kisha wewe unyamaze katikati yeye amalize, kisha arudie peke yake, na mwisho umuulize "Unataka nini?" ajibu. Siku zikipita punguza lahani mpaka iwe maneno ya kawaida. Kuimba taarab au kasida anayoijua tokea zamani kutamfurahisha na kufurahi ni haki yake, lakini peke yake hakurudishi maneno ya matumizi. Kwa aina ya Wernicke njia hii haimfai sana. Kwake kazi ni kusikia na kuonesha, picha mbili, kisha tatu, kisha nne.

Kiasi gani? Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionesha kuwa walionufaika walipata wastani wa saa 8.8 kwa wiki kwa wiki 11, na waliopata saa 2 tu kwa wiki, hata kwa wiki 23, hawakuonesha faida. Wataalamu wa tiba ya lugha Tanzania nzima ni wachache mno, kwa hiyo saa hizo nyingi zitatoka nyumbani. Ni dakika 75 kwa siku, yaani dakika 25 mara tatu, wakipokezana watu wawili au watatu. Mazoezi yawe kwa maneno ya nyumbani kwake: kama ni mtu wa Makunduchi, Tumbatu au Micheweni, mfanyishe kwa lafudhi yake. Maendeleo makubwa huja miezi mitatu ya mwanzo, ila hayakomi hapo. Wapo wanaoongeza maneno baada ya miaka.

Weka pia daftari au albamu ya picha kwenye simu: choo, msala, dawa, tumbo, kichwa, watoto mmoja mmoja, msikiti, mlo. Aliyekuwa mchezaji wa bao au dhumna mrudishe barazani, wengi wao bado wanacheza vizuri sana, na wenziwe wakiona hivyo huacha kumsema kama hayupo. Kama mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata huzuni nzito baada ya kiharusi. Akikataa kula, akigeukia ukutani siku baada ya siku, mwambieni daktari, inatibika.

Na jambo la mali. Mtu asiyeweza kuonesha ufunguo kwenye sinia asitiwe dole gumba kwenye hati ya shamba wala nyumba. Anayeelewa lakini hasemi, asitengwe kwenye maamuzi yake. Asomewe kifungu kimoja kimoja, aulizwe kwa ndiyo na siyo siku mbili tofauti, mbele ya mashahidi.

Dawa za presha hazikatwi kwa kuwa amepata nafuu. Presha ya juu haiumi, na aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu zaidi na cha pili. Apimwe mara kwa mara, vipimo viandikwe kwenye daftari lile lile la mazoezi, na ikiendelea kuwa juu ya 140 kwa 90 arudishwe kliniki. Maneno yaliyoanza kurudi yakipotea tena kwa ghafla, au uso ukapinda, au mkono ukaanguka, angalia saa, iandike, na mtafute gari wakati huo huo.