Sauti kupotea baada ya kusasisha BIOS kwenye Hackintosh: kabla ya kulaumu kodeki

Mkuu, pole sana. Swali lako nimelisoma mara mbili maana ni kama umeandika yaliyonikuta mimi. Una Hackintosh, yaani kompyuta isiyo ya Apple inayoendesha macOS. Mashine umeiunga mwenyewe, bodi ni ya B360, prosesa i5-8400, kodeki (chipu ya sauti) ni ALC887, na macOS ilikuwa inaimba bila shida. Ukasasisha BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine), macOS ikagoma kuwaka. Ukaiondoa DSDT yako ya zamani (jedwali nitakalolieleza hapa chini), ikawaka, lakini sasa alama ya spika imefifia na hakuna kifaa chochote cha kutolea sauti. Umejaribu namba nane za alcid (namba inayochagua mpangilio wa sauti) na hakuna hata moja iliyobadilisha kitu.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini nijibu. Ni nadra namba nane tofauti kukupa ukimya ule ule. Ungekosa sauti ya nyuma ukapata ya mbele, au maiki ingefanya kazi na spika zikagoma. Ukiona ukimya haubadiliki kabisa, shuku kwamba mashine haizisomi namba unazoandika. Kwa hiyo acha kubahatisha namba kwanza.

Nianze na BIOS, kwa sababu matatizo yako yamezaliwa huko. DSDT ni jedwali linaloandikwa na BIOS yenyewe, linaloueleza mfumo endeshi bodi ina vifaa gani na vinafikiwaje. Zamani, enzi za Clover, kiwashio cha zamani cha Hackintosh, wengi wetu tulikuwa tunalinakili jedwali zima, tunalifungua kwenye MaciASL (kihariri cha majedwali haya), tunalitia viraka, kisha tunalirudisha likiwa limeshonwa. Mimi nilifanya hivyo, na hata nilipohamia OpenCore, kiwashio cha sasa, niliendelea kulibeba lile lile kama mtu anayehama na godoro la zamani. Shida ni kwamba ndani yake kuna anwani za kumbukumbu ambazo BIOS ilizipanga siku ile ulipolinakili. Sasisha BIOS, au hata ongeza RAM, na anwani hizo zinaweza kuhama. Jedwali lako la zamani litabaki linaonyesha mlango ambao haupo tena. Mashine yangu iliganda katikati ya kuwaka, mistari ikasimama, na nikapoteza Jumamosi nzima nikidhani kadi ya grafiki imekufa.

Kwa hiyo kuitoa ulifanya sawa. Usiirudishe, wala usitengeneze nyingine. Kwa bodi ya B360 unachohitaji ni vijedwali vidogo vinavyoongezwa juu ya DSDT ya BIOS bila kuigusa: SSDT-PLUG kwa ajili ya usimamizi wa nguvu ya prosesa, SSDT-EC-USBX, SSDT-AWAC na SSDT-PMC. Viwili vya mwisho ndivyo wengi wanavyovisahau. BIOS mpya za bodi za mfululizo wa 300 hutumia saa inayoitwa AWAC badala ya RTC ya zamani, na macOS haiifahamu AWAC, ndiyo maana mashine iliyokuwa inawaka jana inaganda leo baada ya BIOS mpya. SSDT-PMC nayo ndiyo inayoifanya NVRAM ya bodi yako, kumbukumbu inayohifadhi mipangilio hata mashine ikizimwa, iandikike. Ishike hiyo NVRAM akilini, nitairudia.

Sasa ona sauti ilivyopotea. Mimi nilipoitoa DSDT nilifurahi mashine imewaka, nikasahau kwamba miaka mitatu nyuma nilikuwa nimeandika layout-id (namba ya mpangilio wa sauti, kazi yake ni ile ile ya alcid) ndani ya jedwali lile lile, kwenye kifaa cha HDEF, yaani cha sauti. Nilipolitupa jedwali, niliitupa na sauti yangu. Nina hakika karibu kamili kwamba na wewe ndivyo ilivyo, kwa sababu hukutaja popote kuwa layout-id ipo kwenye config.plist, faili la mipangilio la OpenCore. Ifungue DSDT yako ya zamani kwenye MaciASL, tafuta neno layout-id. Ukilikuta, namba iliyo pale ndiyo namba yako. Hujahitaji kubahatisha hata mara moja.

Namba hiyo unaihamishia kwenye config.plist, sehemu ya DeviceProperties, chini ya PciRoot(0x0)/Pci(0x1f,0x3), jina layout-id, aina Data. Hapa kuna mtego ulioniuma mimi mwenyewe, na bado nikiukumbuka nacheka kwa uchungu. Namba yangu ilikuwa 11. Nikaandika 11000000. Sehemu hiyo haisomi desimali, inasoma heksadesimali, na baiti ndogo ndiyo inayotangulia. 11 ya kawaida ni 0B, kwa hiyo ilitakiwa iwe 0B000000. Nilichoandika mimi maana yake ni 17, na kwa bahati mbaya ALC887 ina mpangilio namba 17 pia! Kwa hiyo haikukataa. Ilinipa sauti nyuma, tundu la mbele likawa bubu, nikaamini waya wa kasha umekatika. Nilifungua kasha mara mbili kwa ajili ya kosa la hesabu. Ukitumia alcid kwenye boot-args (maagizo ya kuwashia), huko unaandika desimali ya kawaida, alcid=11, basi.

Turudi kwenye NVRAM, maana naamini hapa ndipo namba zako nane zinapopotelea. OpenCore ikikuta boot-args tayari zimehifadhiwa kwenye NVRAM, haiziandiki upya hata ukibadilisha config.plist. Itaacha za zamani zilivyo, isipokuwa uwe umeiambia izifute kwanza. Yaani unaweka alcid=5, unahifadhi, unawasha upya, na mashine bado inatumia alcid uliyoandika siku ya kwanza. Kama siku hiyo uliandika namba ambayo AppleALC (kiongezi cha sauti, nitakieleza) haina mpangilio wake kwa ALC887, utakaa na ukimya hadi uchoke. Tena alcid ya kwenye boot-args inaishinda layout-id ya kwenye DeviceProperties, kwa hiyo hata ungeweka layout-id sahihi, ile ya zamani ingeendelea kutawala.

Kuhakikisha ni kazi ya nusu dakika. Fungua Terminal, andika:

nvram boot-args

Ikikuonyesha namba tofauti na uliyoiandika kwenye config.plist, umeshika mwizi. Nenda kwenye config.plist, NVRAM, Delete, chini ya 7C436110-4AB2-4BBB-A880-FE41995C9F82 uongeze boot-args kwenye orodha. Kisha ukiwasha, kwenye menyu ya OpenCore bonyeza spesi ili vilivyofichwa vitokee, chagua Reset NVRAM mara moja. Baada ya hapo kila utakachoandika kitasomwa. Mimi siku niliyoiona alcid=1 kwenye Terminal wakati faili langu linasema alcid=5 nilikaa kimya kama dakika tano hivi, nikahesabu siku nilizopoteza.

Amri ya pili ni hii:

kextstat | grep -E "AppleHDA|AppleALC|Lilu"

Unataka kuona yote matatu. AppleHDA ni draiva ya Apple yenyewe. AppleALC ni ya kundi la Acidanthera, na kazi yake ni kuipa AppleHDA maelezo ya kodeki ambayo Apple haikuyaweka. AppleALC haifanyi kazi bila Lilu, kiongezi kinachoibeba, na Lilu lazima itangulie kwenye orodha ya Kernel, Add, ndani ya config.plist. Kama AppleALC haionekani kabisa, angalia kama imewekwa Enabled, na kama OpenCore yako na keksti zako (viongezi hivi vya mfumo) ni za wakati mmoja. Pitisha config.plist kwenye ocvalidate ya toleo lile lile la OpenCore, itakutajia makosa mstari kwa mstari. Na kama bado una VoodooHDA, draiva nyingine ya sauti, uliyoijaribu kwa hasira, ing'oe. VoodooHDA na AppleALC haziishi nyumba moja.

Kuhusu mipangilio ya BIOS yenyewe: kusasisha hurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Ingia ukague upya. CSM izimwe, Secure Boot izimwe, SATA iwe AHCI, Above 4G Decoding iwashwe, CFG Lock izimwe kama menyu yako inaionyesha. Kama haionyeshi, washa AppleXcpmCfgLock kwenye Kernel, Quirks. Na HD Audio Controller iwe Enabled. Unacheka, lakini nimewahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe ameihangaikia wiki nzima, na sauti ilikuwa imezimwa huko huko BIOS.

Na tafadhali, siku nyingine usiflashi BIOS bila UPS. Huku kwetu Dar umeme unaweza kukatika wakati mstari uko asilimia sitini, halafu uanze kumtafuta fundi wa Kariakoo mwenye kifaa cha kuandikia chipu ya BIOS. Wapo, lakini utaacha hela. Mimi sasa BIOS siigusi kabisa kama mashine haina tatizo ambalo BIOS mpya inalitibu.

Ukishapata sauti kwenye matundu ya nyuma, tundu la mbele linaweza bado kuleta ukaidi. Kabla ya kurudi kwenye namba, fungua kasha uangalie waya wa paneli ya mbele. Makasha mengi ya bei rahisi yana vichwa viwili kwenye waya mmoja, kimoja kimeandikwa HD AUDIO na kingine AC'97. Kinachoingia kwenye F_AUDIO ya bodi ni HD AUDIO. Ukichomeka AC'97, hedifoni zinaweza kulia lakini bodi haijui kama umechomeka au umechomoa. Na kwenye baadhi ya mipangilio ya ALC887 macOS haihamii hedifoni yenyewe, unachagua kwa mkono kwenye mipangilio ya Sound. Mimi hilo nimelikubali, sijaliona kuwa ugonjwa.

Umesema pia una Windows kwenye diski nyingine. Basi jua hili: ukitoka Windows kwa kuwasha upya moja kwa moja, draiva ya Realtek inaweza kuiacha kodeki katika hali ambayo macOS haiwezi kuiamsha. Zima kabisa, hesabu kama sekunde kumi, ndiyo uwashe. Fast Startup ya Windows izime pia, kwa sababu ukiwa nayo, kuzima kwa Windows si kuzima kweli. Kinyume chake, kama sauti inakosekana ukiwasha mashine iliyopoa na inapatikana ukiwasha upya, ongeza alcdelay=1000 kwenye boot-args, ili draiva isubiri kidogo kodeki iamke.

Lile jambo la SSDT-HPET uliloshauriwa, wewe huna haja nalo. Hilo ni la mashine za zamani zaidi, hasa laptopu za kizazi cha Ivy Bridge na Haswell, ambako saa za HPET, RTC na TIMR zinang'ang'ania namba za IRQ (njia za kifaa kuiita prosesa) ambazo kifaa cha sauti kinazihitaji. Kwenye laptopu ya shemeji yangu ndiyo ilikuwa dawa: programu ya SSDTTime, chaguo la FixHPET, kisha viraka vyake vikaingizwa kwenye ACPI, Patch. Kwenye B360 utakuwa unatibu malaria kwa mgonjwa wa jino.

Na mdau aliyekushauri upandishe hadi macOS 26 Tahoe ili "irekebishe sauti", kwa heshima zote, atakuzamisha. Apple wameiondoa AppleHDA kwenye Tahoe. Mac chache za Intel ambazo Tahoe inazikubali zote zina chipu ya T2, haziitumii AppleHDA, hivyo hawakuona sababu ya kuibeba. Bila AppleHDA, AppleALC haina cha kusaidia. Kuna watu wanairudisha kwa kutia viraka kwenye mfumo wenyewe, lakini hapo unalegeza ulinzi wa SIP na kila sasisho linakurudisha mwanzo. Tena Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Intel. Kaa Sequoia na iMac19,1 yako (modeli ya Mac ambayo mashine yako inajitambulisha nayo). Siku ukilazimika kupanda, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Zile zinazofuata kiwango cha kawaida cha sauti ya USB zinafanya kazi bila keksti yoyote, na kwa uhariri wa harusi unaoufanya hutasikia tofauti. Mimi ninayo moja droo ya meza, kwa siku za kazi ya mteja ambazo sina muda wa kupigana na mashine.

Kwa hiyo leo usiguse kitu kingine. Nakili folda yako ya EFI (yenye OpenCore na mafaili yake) kwenye flashi uhakikishe inawaka kutoka huko, kisha endesha zile amri mbili za Terminal, utafute layout-id kwenye DSDT ya zamani, na ubandike majibu hapa pamoja na orodha ya mafaili yaliyomo kwenye EFI/OC/ACPI na EFI/OC/Kexts. Ukiweka picha ya config.plist, futa kwanza namba za siri za PlatformInfo, serial na MLB, maana humu wanapita watu wengi.