Kabla Hujamwita Fundi, Yaangalie Maji Yako

Mwaka jana niliibeba mashine yangu ya espreso hadi mjini nikampelekea fundi. Kahawa ilikuwa imeanza kutoka kwa matone: tone, kimya, tone jingine, huku pampu ikinguruma kama gari lililokwama matopeni. Fundi akaiwasha, akaisikiliza, akasema, "Mama, pampu imekufa. Tafuta nyingine." Bei aliyonitajia ilikaribia ile niliyonunulia mashine yenyewe, maana ni ya mitumba kutoka Uingereza. Nikairudisha nyumbani Lanet, hapa Nakuru, nikiwa nimevunjika moyo, na usiku ule ule nikachukua bisibisi.

Pale juu unapofungia kishikio cha kahawa kuna sahani ndogo ya chuma yenye vitundu vingi, ile inayomwagia kahawa maji kama bafu la manyunyu. Imeshikwa na skrubu moja tu. Nilipoitoa, upande wa chini ulikuwa na utando mweusi wa kunata, unanuka kama mafuta ya kukaangia mandazi yaliyosahaulika kwenye karai. Upande wa juu ulikuwa mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha, likabanduka gamba jembamba kama ganda la yai. Zaidi ya nusu ya vitundu vilikuwa vimeziba.

Pampu ilikuwa nzima. Ilikuwa inasukuma maji kwenye ukuta.

Sisi wa Nakuru tunayajua maji yetu. Visima vingi vya huku vina floraidi nyingi, ndiyo maana wengi waliokulia hapa wana meno ya rangi ya kahawia, na ndiyo maana vichujio vya mkaa wa mifupa vinajulikana sana. (Ukiwa na watoto wadogo, hilo la floraidi lifuatilie, kwa sababu kuchemsha maji hakuiondoi.) Lakini mashine haizibwi na floraidi. Inazibwa na madini mengine, hasa kalsiamu, ambayo maji yakipata moto hugeuka chokaa na kung'ang'ania chuma. Ukitaka kujua mashine yako ikoje ndani, mulika tochi kwenye birika lako la stima. Ukiona ukoko mweupe chini, basi ukoko huo huo uko kwenye mishipa ya mashine, mahali usipoweza kufikisha sponji.

Dawa yake ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaofanana na sukari. Mimi hukoroga gramu 20, kama vijiko vinne vya chai, katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, nikajaza tangi la mashine. Napitisha kikombe kimoja, nazima, nasubiri robo saa, napitisha kingine, hivyo hivyo hadi tangi liishe. Mara ya kwanza maji yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele, yana vipande ndani. Kisha nasuuza kwa matangi mawili ya maji safi. Usiiache dawa ilale humo usiku kucha, hasa kama ndani kuna alumini au shaba, kwa sababu asidi ikimaliza chokaa inaanza kula chuma. Siki nayo inafanya kazi, ila harufu yake hujificha kwenye raba na utaionja kwa siku kadhaa. Ndimu ina nyamanyama, iache kwa chai.

Siku hizi sitii maji ya kisima peke yake. Mvua za masika zikianza, naacha ile ya kwanza ioshe mabati na vumbi lote, ndipo naelekeza mfereji kwenye pipa. Maji ya mvua hayana chokaa, lakini peke yake kahawa inakuwa bapa, haina uhai ulimini. Nachanganya nusu kwa nusu na ya kisima, nachuja, nachemsha, naacha yapoe. Kazi ya kuondoa chokaa niliyokuwa nikiifanya kila mwezi sasa naifanya mara moja kwa miezi mitatu.

Huo utando mweusi ni adui wa pili, na huyu ni wa kila siku. Kahawa iliyokaangwa ina mafuta, na mafuta hayo yakikaa kwenye chuma chenye joto huchacha. Ukihisi kahawa yako ina uchungu wa moshi hata ukibadilisha pakiti, usilaumu mkulima kwanza. Baada ya kikombe cha mwisho mimi hutoa machicha, narudisha kishikio kitupu, napitisha maji kidogo, napangusa kwa kitambaa ile raba ya duara inayoizunguka sahani. Jumamosi nafungua skrubu, naloweka sahani na kichujio cha ndani ya kishikio kwenye maji moto yenye sabuni, nasugua kwa mswaki wa zamani. Dakika kumi. Raba hiyo nayo ina umri. Ikianza kuwa ngumu kama plastiki na maji yakivuja pembeni, ibadilishe, bei yake ni ndogo. Usizibe mvujo kwa kukaza kishikio kwa nguvu zako zote, utavunja masikio yake.

Bomba la mvuke halisamehe. Maziwa yakikauka juu yake yanakuwa saruji, na mabaya zaidi ni yale yanayovutwa ndani mvuke unapopoa. Pangusa papo hapo kwa kitambaa kibichi, kisha fungua mvuke sekunde mbili uteme yaliyoingia. Na maziwa yenyewe, ukishindwa kuendelea kushika jagi kwa kiganja, yametosha. Hapo ni nyuzi 60 hivi. Ukiyafikisha yachemke kama ya chai, utamu wake unapotea.

Kama huna mashine, usijione umekosa kitu. Miaka minne nilikunywa kahawa ya birika la moka juu ya gesi, lile la Kiitaliano la alumini lenye vyumba viwili, na bado nalitumia stima ikipotea. Shida yake kwetu ni mapenzi yetu ya sufuria zinazong'aa. Mama mkwe wangu alinitembelea, akaliona limefubaa ndani, akalisugua kwa stili wulu hadi likawaka kama kioo. Alifanya kwa upendo, nami nikamshukuru. Lakini kahawa tatu zilizofuata nilizimwaga, zilikuwa na ladha ya chuma. Ule weusiweusi wa ndani uache. Suuza kwa maji moto, sugua kwa vidole, kausha, na usilifunge likiwa bichi. Lakini chokaa ondoa, hasa penye ile vali ndogo ya usalama ubavuni. Maji yasiipite wakati wa kujaza. Vali ikiziba na njia ya kahawa ikaziba, unacho chombo chenye shinikizo juu ya moto, na hilo si jambo la kuchezea.

Kinu cha kusagia usikioshe kwa maji. Brashi kavu inatosha. Kahawa nayo nunua robo kilo kwa robo kilo, ya punje, iliyoandikwa tarehe ya kukaangwa. Tuna bahati, kahawa inalimwa Subukia, hapa karibu, na hata Bungoma. Ile daraja ya AA mnayoikimbilia kwenye pakiti inahusu ukubwa wa punje tu. Nimekunywa AB, ya punje ndogo zaidi, tamu kuishinda.

Jambo moja limenichukua muda mrefu kulielewa. Vijitabu vya vile vyombo vya kuchujia kahawa kwa kuimwagia maji moto kwa mkono hukuambia uchemshe, kisha usubiri nusu dakika. Viliandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, na maji yetu huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi. Kahawa inataka kati ya 90 na 96. Nilipokuwa nasubiri, nilikuwa namwagia kahawa maji yaliyokwisha kupoa, halafu nalalamika kwamba ni chachu. Siku hizi birika likizima tu, namimina. Dada yangu yuko Kisumu, mita 700 chini yetu, kwake yanachemka kwenye 96. Akitumia kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi sana, mimi humwambia asubiri kidogo, isiwe chungu. Ile ya rangi ya chokoleti ninayomtumia kutoka huku, anaimwagia pale pale kama mimi.