Re: Vita viko Ulaya, mbona chapati zangu Kawangware ndizo zinaumia?

Dada, ngano nyingi tunayokula Kenya huagizwa kutoka nje, zikiwemo Urusi na Ukraine, zilizoingia vitani 2022. Hata mafuta ya kukaangia, mengi ni mawese ya Indonesia na Malaysia. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia kuyauza nje, sufuria za huku zilijua.

Bei usipandishe kwa pupa, vibarua wa mjengo watahamia kibanda cha pili. Ponda malenge au viazi vitamu ukandie unga: chapati hulainika, na unga kidogo hutosha. Githeri isikose. Mahindi na maharagwe yake nunua Nyamakima, kule kwa wauza nafaka Nairobi, kwa gunia, mgawane na jirani (ingawa hayo maharagwe nayo, mengine yametoka Uganda na Tanzania!).