Ususi wa mkeka katika somo la asilimia

SWALI: Asalaam alaykum. Tunaalika wasanii kwenye mafunzo ya walimu wa hisabati. Walimu hufurahi, lakini wakirudi darasani hakibadiliki kitu. Tufanyeje? – Mratibu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Mara nyingi chanzo ni kwamba msanii huonesha na walimu hutazama. Chagueni mada moja, tuseme asilimia, na sanaa moja ambayo Pemba haina uhaba wa mafundi wake: ususi. Fundi wa ukili, yaani utepe uliosukwa wa kushonea mikeka, aeleze robo saa tu, kisha kila mwalimu asuke.

Kateni karatasi ya manila mraba wa sm 24, mukunje katikati. Kuanzia kwenye mkunjo, kateni mistari 11 ya sm 10, kila sm 2, mukiacha sm 2 kila upande. Mstari ukifika ukingoni, kazi yote hufumuka. Andaeni chane 10, yaani vipande vyembamba, za manila ya rangi nyengine, upana sm 1.9; zikiwa sm 2 kamili, ya mwisho haiingii.

Kunjueni manila, mupitishe chane kwenye mistari: sasa kuna miraba 100. Ususi wa juu moja, chini moja hutoa 50 za kila rangi. Juu moja, chini nne huonesha chane mara 20: asilimia 20, yaani 1/5. Hapa ndipo penye somo, basi musipaharakishe: mwalimu akisie kwanza, asuke, ndipo ahesabu. Akipewa jibu mapema, hubaki na pambo tu.

Nusu ya pili ya siku iwe ya kuandaa somo lake mwenyewe, na baada ya wiki mbili alete kazi za wanafunzi, zilizoharibika zikiwemo.