Mama aliuliza mkono, mi nikamjibu roho

Mmeuliza wiki hii kama ahadi ya uzima wa milele inamfariji mtu aliyefiwa. Mimi hapana, hainifariji, ila naona swali lenyewe limeruka kitu: uzima wa nini hasa, wa roho peke yake au wa mtu mzima mzima?

Nauliza hivyo sababu ya mama. Alipata kiharusi mkono wa kulia ukapooza, ule ule aliokuwa anatusukia nywele, basi akawa anaubeba na wa kushoto kama kichanga cha mtu mwingine, anaulaza mapajani, anavinyoosha vidole kimoja kimoja, vinajikunja tena. Jioni moja, siku zake zimebaki chache, nilikuwa namkata kucha za mkono huo akaniangalia akasema, "Hivi huu nitarudishiwa?" Nikajifanya mjuzi. Nikamwambia mama, kule mkono wa nini, utakuwa roho tu, umepumzika. Hakunijibu. Akauvuta ule mkono akaufunika na shuka, na kucha mbili zilikuwa bado. Yani hizo kucha mbili zinanirudia kuliko hata mazishi, manake kesho yake hakutaka nizimalizie na mi sikumbembeleza.

Baadaye sana niko kanisani, tunasali Kanuni ya Imani, mdomo unaenda wenyewe kama kawaida, nikajisikia nasema "ufufuko wa miili". Miili jamani! Nimelitamka hilo tangu utotoni. Kumbe mama alikuwa ananiuliza kitu kilichomo kwenye imani yetu kabisa, mi ndo nilikuwa nje. Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anatoa mfano wa mbegu, kinachoota hakifanani na kilichopandwa ila kimetoka humo humo. Yesu akishafufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi, na Tomaso, yule mwanafunzi aliyekuwa na mashaka, akaambiwa alete kidole kwenye makovu ya misumari mikononi mwake. Hata Ufunuo 21, ule mji mtakatifu unashuka, si watu wanaopanda, na aliyeketi kwenye kiti cha enzi anasema anayafanya yote kuwa mapya, hasemi anatupa haya atengeneze mengine.

Sasa hapo juu nimesema hainifariji na sifuti, ila nikisoma nilichoandika naona kisichonifariji ni ile habari ya kuelea elea mawinguni, hii nyingine inanigusa. Kidogo. Na isitumike kumnyamazisha mfiwa, maana Yesu alijua kabisa anakwenda kumfufua Lazaro na bado alilia.

Mama angeniuliza leo ningemwambia ndiyo, naamini utarudishiwa. Tatizo ni yale makovu ya misumari, Yesu amefufuka na yenyewe yapo, hayajafutika, sasa kwa mkono wa mama ina maana gani? Hapo ningekata kucha tu, ningenyamaza.