Jibu: Je, hukumu ya The Hague inaweza kufuta ya mahakama ya Marekani?
Mkuu, haiwezi. ICJ (Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague) si mahakama ya rufaa. Husikiliza kesi za nchi dhidi ya nchi, tena zilizokubali mamlaka yake. Mtu binafsi hana mlango pale.

Tazama kesi ya Avena, 2004: ICJ iliona Marekani haikuwaarifu Wamexico 51 waliokamatwa humo haki yao ya kuwasiliana na konseli wao (ofisa anayewakilisha nchi yao ugenini), ikaagiza kesi zao zipitiwe upya. Medellín, mmoja wa Wamexico hao aliyehukumiwa kifo Texas, akaitegemea hukumu hiyo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia kwa kura 6 dhidi ya 3: hukumu ya ICJ inaifunga Marekani kimataifa, ila haitekelezwi ndani mpaka Bunge litunge sheria. Hata agizo la Rais Bush la kutaka mahakama za majimbo ziifuate halikutosha. Texas ikamuua kwa sindano ya sumu Agosti mwaka huohuo.