Mfumo usioweza kujieleza: mambo ya kudai kabla ya kuuidhinisha

Kazi yangu ni kukagua mifumo ya akili bandia kabla taasisi hazijaiachia maamuzi yanayogusa maisha ya watu, kama nani apewe mkopo au ombi la nani likataliwe. Kila kikao huanza na swali moja: je, mfumo unaweza kujieleza? Muuzaji hufungua mchoro wa rangi unaoonyesha kipato kimechangia kiasi gani na umri kiasi gani, na wajumbe hutulia. Nawasihi msitulie mapema. Mara nyingi mchoro huo ni makadirio ya programu nyingine, yaliyofanywa baada ya uamuzi kutoka. Unasaidia kuchunguza, lakini hauthibitishi haki.

Mimi huanza na data. Miaka ya 1990, watafiti nchini Marekani walifundisha mifumo kadhaa kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa nimonia. Mmoja, ambao kanuni zake zilisomeka, ulijifunza kwamba mwenye pumu yuko katika hatari ndogo. Data ilisema hivyo kweli, kwa sababu wagonjwa wa pumu walikuwa wakikimbizwa kwenye uangalizi wa mahututi, wakapona; kanuni hiyo ingefuatwa, wangenyimwa uangalizi huohuo. Mtandao wa neva, yaani mfumo unaojifunza kutoka kwenye data lakini kanuni zake hazisomeki, ulikadiria kwa usahihi zaidi, lakini haukutumiwa kwa wagonjwa: nani angejua umeficha kanuni ngapi za namna hiyo? Naunga mkono uamuzi huo kabisa. Pale kosa linapoweza kuua, na mfumo unaosomeka upo, chukueni unaosomeka.

Usipokuwepo, daini matokeo ya majaribio kwa kila kundi la watu, maana wastani huficha wanaoumia. Daini pia kumbukumbu ya kila uamuzi, na mtu mwenye mamlaka ya kuutengua. Hili la mwisho ndilo hugeuzwa kiini macho: ofisa anatia saini kila kinachotoka kwenye kompyuta. Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba alama ya mkopo inayokokotolewa na mashine ni uamuzi wa mashine, iwapo mkopeshaji anaitegemea kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ulizeni ofisa huyo ametengua maamuzi mangapi, na hupewa muda gani kwa kila faili.

Sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa mfumo ambao sheria hiyo inauweka kwenye kundi la hatari kubwa haki ya kuelezwa mfumo ulichangia nini katika uamuzi. Msingoje sheria kama hiyo iwafikie. Andikeni haki hiyo kwenye mkataba, pamoja na ruhusa ya wakaguzi huru kuupima mfumo wakati wowote. Muuzaji akikataa, msisaini.